Diski Haikuungua

Ngoie, binti yangu, mama yangu,

Ile diski uliyoniomba wiki iliyopita nimeiweka ndani ya sanduku lako, chini kabisa, ndani ya soksi nyeusi, nikaizungushia kitenge alichokupa mama yako. Soksi ni moja, usitafute mwenzake. Barua hii nimeiweka juu yake ili mkono wako uikute kwanza. Nakuomba jambo moja tu: usiiunganishe diski na kompyuta yoyote kabla hujasoma mpaka mwisho. Nakujua, wewe unasoma mstari wa kwanza na wa mwisho halafu unasema umeelewa. Leo soma yote.

Diski haikuungua.

Nimeandika hayo maneno mawili na nimekaa muda mrefu nikiyatazama. Kwa miaka sita nimewaambia, wewe, mama yako na shangazi yako, kwamba umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza diski, na picha za kaka yako Kalenga zikaenda nayo. Si kweli. Diski ni nzima. Ukiiunganisha itafunguka bila shida, utaziona kazi zote za kibanda chetu cha kuchapa za wakati ule, na wewe unayejua mambo haya kuliko mimi utatambua mara moja kwamba folda ya kaka yako haikuharibika. Ilifutwa. Niliifuta mimi, kwa mkono wangu.

Sikutaka ugundue hayo Lusaka unakokwenda kusoma, ukiwa peke yako katika chumba cha kupanga, bila mtu wa kumuuliza. Ndiyo sababu ninaandika.

Leo ni Jumapili mchana. Wewe na mama yako mmekwenda Makomeno kumuaga shangazi, na mimi nimesema nina kazi kibandani. Sina kazi. Umeme umekatika tangu asubuhi, mtaa wote uko kimya isipokuwa jenereta ya jirani yetu muuza nyama. Naandika kwa kalamu, nyuma ya karatasi zilizochapwa vibaya. Ukizigeuza utakutana na tangazo la msiba la mzee mmoja ambaye tulimkosea jina. Tulimchapia upya, hizi zikabaki. Sikuzichagua makusudi, ndizo zilizokuwepo.

Mambo ya safari sitayagusa. Pasipoti, mpaka wa Kasumbalesa, samaki wakavu wa Pweto ambao mama yako amekufungia kana kwamba Lusaka hakuna chakula, hayo ameshayasema, na atayasema tena kesho basi likiwa limewasha injini.

Nianzie mbali kidogo, kwa babu yako, maana sitaki udhani kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilijua. Nilikuwa nimefundishwa.

Babu yako Kalenga, ambaye kaka yako alipewa jina lake, alikuwa karani wa mafaili katika ofisi ya reli. Dunia yake ya kazi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye rafu hadi darini, na kando ya mlango kabati la droo ndogondogo za mbao. Ndani ya droo mlikuwa na fishi, vipande vya karatasi ngumu, kila mfanyakazi na fishi yake: jina, namba ya rafu, namba ya nafasi. Mafaili yenyewe hayakupangwa kwa majina. Yaliwekwa popote palipokuwa wazi, na faili likinenepa sana lilikatwa vipande, kimoja rafu hii, kingine rafu ile, na fishi ikaonyesha vyote. Asiye na fishi angeweza kuzunguka mle mwaka mzima. Mwenye fishi alikwenda moja kwa moja.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimempelekea chakula, siku alipokuja mjane mmoja kutoka kaskazini kudai mafao ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa njia ya reli. Fishi yake haikuonekana, na mkuu wa ofisi akamwambia yule mama kwamba mumewe hakuwahi kufanya kazi pale. Mama hakulia. Aliketi kwenye benchi, akaendelea kuketi. Babu yako alimngoja mkuu aingie ndani, akamwinamia yule mama.

"Ba mama," akasema, "dossier haikufe. Fishi yake njo ilipotea. Uniachie masiku."

Akaanza na rafu ya kwanza. Kila siku baada ya kazi, faili moja baada ya jingine, wakati mwingine mimi nikimshikia ngazi. Ilimchukua karibu wiki tano. Hiyo dossier, yaani faili la yule fundi, aliipata ikiwa vipande vitatu katika rafu tatu. Akaandika fishi mpya, na alipoiweka ndani ya droo aliipigapiga kwa kidole kama mtu anayelaza mtoto. Hakuna aliyemuagiza kufanya hivyo wala aliyemshukuru ofisini.

Miaka mingi baadaye, nilipofungua kibanda changu cha kuchapa hapa Katuba na kununua kompyuta ya kwanza, fundi aliyeniuzia alinieleza jinsi inavyohifadhi vitu, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa nasikia habari za chumba cha baba yangu. Diski imegawanywa vyumba vidogo vyenye namba. Faili halikai zima mahali pamoja. Linakatwa, linawekwa palipo wazi. Folda unayoiona kwenye skrini si chumba, ni orodha tu ya majina na namba. Na ukifuta kitu, mashine haiendi kukichoma. Inaitoa fishi yake, inaandika kwamba vile vyumba sasa viko wazi, basi. Kitu chenyewe bado kimelala pale pale, na kitalala mpaka siku chumba chake kitakapopewa mgeni.

Nilikueleza hivyo ulipokuwa na miaka kumi na mitano, unakumbuka? Ulinisikiliza, ukakunja uso, ukauliza: "Sasa, Papa, ile disque yetu, iliungua fishi ao iliungua mafichier yenyewe?" Nikajifanya nimeona mteja mlangoni nikatoka nje. Hapakuwa na mteja.

Kibanda chetu unakijua, lakini hujui kilivyokuwa wakati wa kaka yako. Watu wa mtaa hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo maisha yao yalikaa kwangu. Barua za kuomba kazi, vyeti, picha za harusi, programu za misa za kwaya, matangazo ya msiba. Kila mtu nilimfungulia folda kwa jina tulilomwita: Mama Odile wa Makaa, Fundi Mrefu, Mwalimu wa Pili. Wewe unanicheka kwa majina hayo, wewe ambaye skrini yako imejaa mafaili mpaka picha ya nyuma haionekani, hili linaitwa mwisho, lile linaitwa mwisho wa kweli, na bado unaniuliza lipi ni lipi. Mimi nilikuwa na utaratibu. Nilijivunia utaratibu huo kupita kiasi.

Kwa picha za pasipoti tulipigilia shuka jeupe ukutani na kuweka benchi mbele yake. Mwanga unaingia kwa mlangoni tu, unabadilika kila saa, kwa hiyo kabla mteja hajaketi lazima mtu mwingine aketi kwanza nipige picha moja ya kupimia. Mtu huyo alikuwa Kalenga. Tangu ana miaka kumi, kila siku akitoka shule namwambia, "Ikala, baba, niangarie lumière," naye anaketi nipime mwanga. Mara anakunja sura kama mkuu wa ofisi, mara anafumba macho, mara anacheka tu. Picha za kupimia mwanga watu huzifuta. Zake sikuzifuta. Niliziweka folda moja, miaka tisa ya picha, nikaiita Baba Kalenga.

Nilimwita baba kwa sababu alibeba jina la baba yangu, kama ninavyokuita wewe mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu. Kwetu mtoto huyo humgombezi hivi hivi. Siku nilipompandishia sauti Kalenga, mama yako alikuwa akinikumbusha bila kuinua kichwa, akiendelea kupanga samaki wake wa kuuza: "Angaria, uko unatukana baba yako." Mara nyingi ilitosha kuninyamazisha.

Mama yako hakuitaka kompyuta na hajaitaka mpaka leo. Ila akija kuniletea chakula alipenda kuona zile picha, kwa hiyo nikamwekea njia ya mkato kwenye skrini, pembeni juu kushoto, alama ya kwanza kabisa. Alijua mahali pake. Alikuwa akigusa kioo kwa kidole, pale penye jina, na mimi nafungua.

Njia ya mkato unajua ilivyo: ni alama yenye mshale mdogo, inaonyesha kitu kilipo, yenyewe si kitu. Kuna mwanafunzi mmoja tulimchapia kazi yake ya kumaliza chuo. Siku ya kwenda kuitetea alikuja mbio, akaiburuta ile alama yenye mshale kwenye flashi yake mwenyewe, akaondoka kwenda Likasi. Huko mbele ya walimu wote akafungua, hamna kitu, mshale tu. Alirudi kesho yake akiwa amevimba uso kwa hasira, na Kalenga alicheka mpaka akatoka nje. "Alibeba fishi, akaacha dossier," akasema. Alikuwa amezisikia hadithi za babu yake. Mimi pia nilicheka.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Kalenga alibakiza miezi michache kumaliza sekondari alipoanza kurudi na vumbi jekundu miguuni. Hakuwa anakwenda shule. Alikuwa akienda machimboni upande wa barabara ya Kolwezi pamoja na wenzake, kina Numbi, kuchimba madini. Mimi nilikuwa nimeshampangia maisha: diploma, halafu kibanda, halafu kibanda kikubwa zaidi mjini. Sikumuuliza hata mara moja kama alikuwa anakitaka. Siku nilipojua, nilimngoja sebuleni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulijificha nyuma ya mlango wa jikoni, niliona miguu yako.

"Masomo iko wapi?" nikamuuliza.

"Papa, minaenda ku carrière na ba Numbi," akasema. "Nitafanya kazi kidogo, halafu nitarudia."

"Kama unapita ule mulango, usirudie."

Mama yako akasema kile anachosemaga. "Angaria, uko unafukuza baba yako." Safari hii haikunisaidia. Kalenga alichukua begi lake, akanitazama, na hakuwa na hasira, hilo ndilo linalonirudia. Akasema, "Njo vile, Papa," kama kusema basi na iwe hivyo, akapita.

Kesho yake asubuhi nilifungua kibanda mapema. Nikawasha mashine, na kitu cha kwanza kwenye skrini kilikuwa jina lake. Nikaenda kwenye folda yenyewe, nikaifuta. Mashine ikauliza kama nina hakika nataka kufuta Baba Kalenga. Nililisoma jina la mwanangu na la baba yangu katika mstari mmoja, nikabonyeza ndiyo. Kwa kuwa naijua kazi yangu, nikaenda kwenye pipa la taka la kompyuta, nikalimwaga pia. Ikauliza mara ya pili. Nikabonyeza ndiyo. Mashine haikufanya kosa lolote, Ngoie. Iliuliza vizuri, kwa adabu, mara mbili. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kusema ndiyo kabla sijamaliza kusoma, lakini siku ile nilikuwa nimemaliza kusoma.

Nilijisikia nafuu, nisikudanganye. Labda kwa saa moja. Kisha wakaja wanafunzi watatu wa picha za pasipoti, na kwa kuwa Kalenga hakuwepo, nikakuita wewe. Ukaketi kwenye benchi mbele ya shuka jeupe, nikapima mwanga.

Wiki haikuisha kabla sijajuta. Na dawa niliijua. Zima mashine, toa diski, usiiandikie kitu hata kimoja, itafutie fundi. Maana kila unachohifadhi baada ya kufuta kinatafuta vyumba vilivyo wazi, na vyumba vilivyo wazi vilikuwa vyake. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini ilikuwa majira ya vyeti, foleni ilifika barabarani, na watu walikuwa wakifa kama kawaida, kila familia inataka tangazo lenye picha nzuri. Nikasema wiki ijayo. Halafu nikasema, kwa nini nihangaike, mtoto atarudi, ataketi tena kwenye benchi, tutapiga nyingine. Nilifanya kazi miezi minne juu ya diski ile. Mtaa ulinisifu kwa bidii. Folda nilimfutia siku moja kwa hasira, na ningeweza kumrudishia. Ni bidii yangu iliyomfuta polepole, kila siku, huku nikiwachapia wengine wafu wao.

Mvua zilipokuwa kubwa shimo liliporomoka, Kalenga akiwa ndani. Unajua hayo, sitayarudia. Walimleta siku ya Alhamisi.

Hiki ulikiona, lakini hujui maana yake. Asubuhi ya Ijumaa, nyumbani kumejaa watu, mama yako aliondoka matangani bila kuaga mtu, akaja kibandani na kitenge chake cha msiba, na wewe ukamfuata ukasimama mlangoni. Alikwenda mbele ya skrini akaweka kidole pale juu kushoto. Jina bado lilikuwepo. Nilikuwa nimefuta folda, sikufuta njia ya mkato. Miezi minne ilikaa pale na mshale wake mdogo, na mama yako kila alipoleta chakula aliiona na kudhani mwanawe yumo. Hakuniomba nimfungulie wakati ule kwa sababu alijua nimekasirika. Alikuwa ananingoja nipoe.

"Fungula," akasema. "Tutafute moja ya kuweka ku kilio."

Nikabonyeza. Yakatokea yale maandishi kwamba kitu hicho hakipo, kimehamishwa au kimefutwa. Mama yako hasomi Kifaransa. Akasoma uso wangu.

"Iko nasema nini?"

Wiki ile umeme ulikuwa umerudi vibaya na friji ya jirani ilikuwa imeungua, mtaa wote uliijua habari hiyo. Uongo ulikuwa umeshatengenezwa, nilichofanya ni kuuokota. "Courant iliunguza disque," nikasema.

Mama yako aliondoa kidole kwenye kioo. "Weye muntu ya mafoto," akasema taratibu, "hauna ata moja ya mutoto yako?"

Sikuwa nayo. Sikuwahi kumchapia hata moja, kwa nini nichape, zipo kwenye mashine. Wenzake wa machimboni walileta simu yenye picha ya watu sita waliojaa vumbi, wakabishana ni yupi kati yao. Mwishowe mama yako alitoa kwenye sanduku ile ya komunyo ya kwanza, mtoto wa miaka tisa mwenye shati jeupe na mshumaa. Ndiyo tuliyoweka juu ya jeneza la mwanaume wa miaka kumi na tisa. Watu waliotoka mbali walikuwa wakiuliza kwa sauti ya chini kama aliyekufa ni mtoto mdogo. Nilikuwa nimeketi pale, mimi niliyechapa picha za marehemu wote wa mtaa ule, nikisikia.

Baada ya maziko niliitoa diski, nikaificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikanunua nyingine. Tangu siku hiyo haijawashwa. Hilo tu ndilo nililofanya sawasawa, na nililifanya kwa kuchelewa.

Utaniuliza, na una haki: kwa nini miaka sita? Mafundi wapo mjini, wengine ni rafiki zangu. Jibu ni la aibu. Fundi angeiunganisha, na baada ya dakika moja angeniambia mbele ya yeyote aliyekuwepo kwamba hii haijaungua. Ili nirudishe sura ya Kalenga ilinibidi nikubali kuitwa mwongo, na kila mwaka uliopita ulifanya uongo uwe mzito zaidi kuutoa. Kufuta ilikuwa hasira, hasira kila mtu anaijua. Lakini mama yako angeweza kuwa na uso wa mwanawe ukutani miaka hii yote, na mimi nilimnyima ili nisione haya. Hilo sina jina la kuliita.

Babu yako alipekua rafu wiki tano kwa ajili ya mume wa mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa na mwanangu ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati langu.

Kisha shangazi yako, miaka miwili iliyopita, akaniambia tukiwa tunakunywa chai kwake: "Ule mutoto yako anataka kujifunza ordinateur ju ya disque ya kaka yake. Anasema kuko bantu banaweza kurudisha vintu mu disque yenye iliungua." Nikasema kusomea kompyuta kwa ajili ya kaka ni jambo zuri. Nikarudi Katuba kwa miguu njia yote, na unajua umbali wake. Hujawahi kuniambia mwenyewe. Ulinyamaza, ukasoma, ukashinda, ukapata nafasi Lusaka, na wiki iliyopita ukaja ukasema, kama mtu anayeomba chumvi: "Papa, ile disque, nipe nende nayo." Umejenga maisha juu ya kitu ambacho hakikutokea. Ningekuambia ulipokuwa na miaka kumi na mitano, pale uliponiuliza swali lako, labda leo ungekuwa unasomea kingine. Sijui. Nakuomba radhi kwa hilo pia, ingawa najua radhi haikurudishii miaka.

Mama yako atajua kesho. Nitamwambia mimi, basi likishaondoka, tukiwa njiani kurudi. Naogopa. Usimpigie simu kabla ya jioni, mwachie awe na hasira yake yote bila kulazimika kujikaza kwa ajili yako. Akiamua kwenda kukaa Makomeno siku kadhaa, nitambebea mzigo mpaka kwa shangazi.

Kuhusu diski, wewe ndiye fundi, lakini niliyoyasikia ni haya. Usiiandikie chochote. Nakili diski nzima kwanza kwenye nyingine, vyumba vyote, hata vile vinavyosema viko wazi, halafu utafute kwenye nakala. Mafaili yatakayorudi yatakuja bila majina na bila folda, kwa sababu fishi zilishatupwa. Yatakuwa na namba tu. Utapata maelfu. Mengi yatakuwa matangazo ya msiba ya watu wengine. Pekua moja moja. Hutapata miaka tisa, usitegemee hivyo. Labda hutapata kitu, miezi minne ni mingi na mimi nilikuwa na wateja wengi.

Jambo moja nakutahadharisha. Wanasema picha iliyokaliwa nusu inaweza kufunguka nusu, sehemu ya juu ya zamani na sehemu ya chini ya ile iliyoingia baadaye. Baada ya Kalenga, aliyeketi kwenye benchi ni wewe. Picha zako za kupimia mwanga zilihitaji vyumba, na vyumba nilivyokuwa navyo ni vyake. Hukujua, ulikuwa mtoto, ulikaa kwa sababu baba yako alisema kaa. Ukianza kufikiri kwamba ulimkalia kaka yako, acha. Mkono ulikuwa wangu.

Kaka yako nilimwambia asirudi. Wewe nakuambia urudi, hata kama ni kuja kunigombeza, hata kama ni kusimama mlangoni tu kisha uende zako. Sitakuuliza umeamua nini juu yangu.

Na kama siku moja utafungua namba mojawapo, ukaona juu paji la uso wa Kalenga na macho yake, kisha mstari, kisha chini kola ya shati lako la shule, benchi lile lile, shuka lile lile, usidhani imeharibika. Ichape jinsi ilivyo, umtumie mama yako. Itakuwa haina jina. Ipe wewe.

Ni mimi, niliyebaki kibandani,
Papa